Kukamua Kabla ya Kulipa

Ng'ombe wa maziwa ni miongoni mwa vitu vya gharama kubwa ambavyo familia nyingi za vijijini zitawahi kununua. Ukiondoa kiwanja, mabati ya nyumba na pengine pikipiki, hakuna kingine kinachomeza akiba ya miaka kwa asubuhi moja. Mtamba mwenye mimba, awe Friesian au chotara wake, huuzwa kwa mamilioni ya shilingi, na mara nyingi fedha hizo zimechangwa na watu watatu wanne: mama ametoa za kikoba, kaka aliye Dar es Salaam amekata kwenye mshahara, baba ameongeza za kahawa. Halafu mnyama wa fedha hizo zote anatazamwa kwa robo saa. Anazungushwa uani, anasifiwa, picha zinatumwa kwa simu, na jioni yuko njiani juu ya lori.

Robo saa hiyo imenisumbua kwa miaka mingi, kwa sababu nimeona ilivyozigharimu nyumba za watu ninaowapenda. Muuzaji ameamka na mnyama yule kila alfajiri. Anajua chuchu ipi nzito, anajua ni mara ngapi mhimilishaji ameitwa bila mimba kushika. Mnunuzi anajua rangi na urefu wa mgongo. Fedha zikishalipwa, yale aliyoyajua muuzaji yanaanza kujitokeza moja baada ya jingine, na kila moja lina gharama yake. Tuna msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini huyu hakuwa guniani. Alisimama juani mbele ya watu wote, wakamtazama wakashiba, na bado hawakumjua.

Tuanze na kiwele, maana ndicho mnunuzi anachoonyeshwa kwanza. Mgeni akitarajiwa asubuhi, jioni ya kuamkia siku hiyo ng'ombe hukamuliwa nusu tu, au haguswi kabisa. Kukipambazuka kiwele kimetuna, mishipa imesimama, chuchu zinadondosha zenyewe. Akikamuliwa mbele ya mgeni ndoo inajaa, watu wanatazamana. Lita 15 hizo ni za kweli na zimepimwa, ila ni maziwa ya siku nzima yaliyolimbikizwa yaonekane ya asubuhi moja. Wafugaji wanajua la kufanya. Fika jioni, kamua mpaka kiwele kiishe, lala palepale au kwa jirani, kamua tena alfajiri, na jioni kamua mara nyingine. Ukijumlisha maziwa ya alfajiri na ya jioni hiyo ya pili, hapo umepata siku moja ya ng'ombe huyo. Na bado utauliza alizaa lini, kwa sababu ng'ombe hufikia kilele cha maziwa kati ya wiki ya nne na ya nane hivi baada ya kuzaa, kisha hushuka taratibu mpaka akaushwe. Aliye kileleni leo hatakuwa hapo miezi minne ijayo, hata umlishe nini.

Nimesema ukamue. Sijasema usimame ukitazama mtu akikamua. Mkono unaoshika chuchu unapokea habari ambazo ndoo haina. Unaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unakifuta kwa kitambaa kikavu, na tayari kiganja kimepita pande zote nne: huu laini, huu laini, huu laini, huu wa nyuma una joto kidogo na ndani yake kuna kitu kigumu. Maziwa ya mwanzo ya kila chuchu unayakamulia juu ya kitambaa cheusi. Yaliyo mazima yanatandaa sawasawa; penye ugonjwa wa kiwele utaona chembechembe, au majimaji yenye umanjano. Kisha unakamua kwa kiganja kizima, kidole baada ya kidole kuanzia juu, bila kuvuta. Chuchu nyingine hufunguka kwa urahisi na mkono hauchoki. Nyingine tundu lake ni dogo, na kabla ndoo haijafika nusu misuli ya mkono inawaka. Hilo muuzaji hawezi kukueleza hata akiwa mkweli, kwa kuwa mkono wake ulishazoea zamani. Ukimaliza unapapasa tena. Kiwele cha maziwa hulegea na kukunjana kama mfuko uliomwagwa nafaka. Kiwele cha nyama hubaki na ukubwa wake uleule, na hapo unatambua kwamba ulichokisifu ukiwa mlangoni hakikuwa maziwa.

Lakini mkono nao hudanganywa, na ningekuwa sisemi kweli kama ningenyamazia hilo. Ili ng'ombe atoe maziwa ni lazima ayashushe, na kuyashusha ni kazi ya homoni ya oksitosini, ambayo nguvu yake hudumu dakika chache tu tangu kiwele kianze kuguswa. Akiogopa, adrenalini inaizuia, naye anabana. Mkono mgeni, harufu ngeni, kelele za waliokuja kushuhudia biashara, vyote vinatosha kumfunga. Kwa hiyo aliyekamua mara moja akapata lita 3 asikimbilie kumwita muuzaji mwongo. Anayerudi mara ya pili na ya tatu humkuta ng'ombe akicheua huku anakamuliwa, masikio yamelegea, na maziwa yanakuja. Ndiyo sababu siridhiki na majaribio ya haraka tunayoyafanya tunaponunua vitu vikubwa: kuzunguka mtaa mmoja na gari, kufungua na kufunga milango ya nyumba. Mguso wa kwanza unatueleza zaidi kuhusu ugeni wetu kuliko kuhusu kitu chenyewe.

Kwa mtamba mambo ni magumu zaidi, maana hajazaa na hakuna cha kukamua. Wafugaji wazoefu humwendea mama yake. Wanaomba wamkamue huyo, wanauliza baba ni fahali wa nani, au mbegu ilitoka wapi, kama ni ya Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River au ya kwingine. Mimba nayo huthibitishwa kwa mkono. Nimemtazama daktari wa mifugo akiifanya kazi hiyo. Anavaa glavu inayofika begani, anailainisha, anaingiza mkono taratibu kupitia njia ya haja kubwa, na kulipapasa tumbo la uzazi kupitia ukuta wa utumbo. Macho yake hayaangalii kitu. Kwa mimba ya miezi miwili hivi anatafuta pembe moja ya tumbo la uzazi iliyonenepa kuliko mwenzake. Mimba ikipita mwezi wa nne anautafuta mshipa mkubwa unaopeleka damu huko, kwa kuwa mshipa huo hauchezi tena kwa mapigo ya kawaida. Unatetema chini ya kidole bila kukatika.

Mtetemo huo umeelezwa vizuri vitabuni, na daktari alivisoma vitabu hivyo. Hata hivyo aliujua baada ya kuukosa na kuupata kwa ng'ombe wengi, wakiwamo wa chuoni, wakati ambapo kukosea kwake hakukumla mtu mamilioni. Kwangu mimi, jambo lote liko hapo. Uzoefu unaokusaidia siku ya kununua haupatikani siku ya kununua. Lazima uwe umekusanywa kabla, polepole, kwenye banda la mtu mwingine, kwa ng'ombe ambaye si wako na huna mpango wa kumnunua. Mtoto aliyetumwa kushika mkia wakati shangazi anakamua alikuwa anasoma, ingawa hakuna aliyemwambia. Kijana wa mjini aliyestaafu mapema akaamua kufuga amekosa masomo hayo, na hakuna dalali anayeweza kumpa kwa asubuhi moja, hata dalali huyo awe na nia njema kiasi gani.

Umri ni vivyo hivyo. Ng'ombe ana meno ya mbele manane, yote kwenye taya la chini. Juu kuna ufizi mgumu tu. Jozi ya kwanza ya meno ya utoto huondoka na kupisha makubwa akiwa na miaka 2 hivi, na jozi ya nne akikaribia miaka 4. Anayejua hufungua mdomo akahesabu. Asiyejua huambiwa ni mzao wa pili akaamini, na meno yamelika hadi ufizini.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, akiwa pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake mfugaji yeyote ataielewa. Muuzaji anajua kama gari lake ni zima au ni bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anataja bei ya katikati, bei ya kujihami. Mwenye gari zuri akisikia bei hiyo anaondoka sokoni na gari lake. Yanayobaki ni mabovu, mnunuzi analitambua hilo, bei inashuka tena, na wenye magari ya nafuu nao wanaondoka. Badala ya gari weka ng'ombe wa maziwa, na umepata maelezo ya kwa nini wazee wetu hutuonya tusimnunue mnadani. Ng'ombe mzuri mara nyingi huuzwa nyumbani, kwa mtu anayefahamika, tena kabla watu hawajasikia kwamba anauzwa. Anayefikishwa mnadani mara nyingi ana sababu ya kufikishwa huko.

Kuna jambo ambalo hoja hiyo inanionyesha kila ninapoirudia. Mnunuzi anayejua kukamua hajisaidii peke yake. Akiingia sokoni, mwenye ng'ombe mzuri anapata mtu wa kumlipa thamani yake, na hana haja tena ya kumficha. Kijiji chenye wanunuzi wenye mikono iliyofundishwa kinabaki na ng'ombe wazuri wanaouzwa hadharani. Kile chenye wanunuzi wa macho tu kinajaza mabanda yake ng'ombe waliotupwa na wengine, na baada ya miaka michache watu wanaanza kusema kwamba ufugaji haulipi.

Sasa nije kwenye swali ambalo sisikii likiulizwa vya kutosha: mikono ya nani? Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kukata majani, kuyabeba, kukamua na kuuza maziwa vimekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake kwa vizazi. Mwaka 1988 watu wa Nronga, wilayani Hai, walipoanzisha ushirika wa kukusanya na kuuza maziwa, ulianzishwa kama ushirika wa wanawake, na kila anayeijua kazi ya banda ataelewa kwa nini. Lakini ikifika siku ya kununua, wanaokwenda kumtazama ng'ombe ni wanaume. Kaka anatuma fedha, mjomba anakwenda na dalali, na dada atakayemhudumia mnyama huyo kwa miaka minane ijayo anamwona kwa mara ya kwanza anaposhushwa kwenye lori.

Kaka anataka Friesian, mkubwa, mweusi kwa mweupe, anayesifiwa kwa lita 20. Simlaumu, ndiyo picha aliyopewa ya ng'ombe bora. Lakini mpe dada nafasi akae wiki moja kwenye banda lenye Friesian, atarudi na hesabu nyingine. Friesian aliyekomaa, mwenye kilo 500 na ushei, anataka kilo 60 hivi za majani mabichi kwa siku. Mzigo mmoja wa kichwani ukiwa kilo 25, hiyo ni zaidi ya mizigo miwili kila siku, Jumapili ikiwamo, siku ya msiba ikiwamo, na kiangazi majani yanafuatwa tambarare na kupandishwa mlima. Maji anayokunywa ni kama lita 4 kwa kila lita ya maziwa. Kwa lita 15 za maziwa hizo ni ndoo tatu kubwa za maji, na bomba la mtaa linatoka kwa zamu. Pumba na mashudu bado sijavitaja. Jersey ni mdogo zaidi, kilo 400 hivi, anakula pungufu, maziwa yake machache kidogo lakini yana mafuta mengi. Shingo iliyowahi kubeba mzigo ule inamwona Jersey kwa jicho tofauti kabisa. Pengine dada atasema tuanze na mbuzi wawili wa maziwa, tupande mabingobingo kwanza, tuzungumzie ng'ombe mwakani. Kazi ya wiki moja imemfundisha kuhusu ng'ombe, ni kweli, lakini zaidi imebadilisha kile kinachotafutwa. Mtu anaweza kujua kila dosari ya Friesian aliyesimama mbele yake, akapunguziwa bei vizuri, akaondoka na mnyama mzima ambaye hakumfaa tangu mwanzo.

Nilikuwapo mama mmoja alipokwenda kununua chotara, Machame ya chini, akiwa na shemeji zake wawili. Muuzaji, mzee mwenye heshima zake, alimvutia kigoda kivulini. "Karibu ukae mama, kijana atakukamulia uone." Akajibu, "Asante baba, nikishakamua ndiyo nitakaa." Alijifunga kanga vizuri, akaosha mikono, akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe. Maziwa hayakushuka. Alisubiri, akapapasa kiwele, akajaribu tena, yakaja machache. Kisha akamwomba kijana amlete ndama. Ndama alipofungwa karibu na kichwa cha mama yake, akaanza kulambwa, maziwa yakaja kwa nguvu. Mama akamaliza kukamua bila kusema neno, akasimama, akamuuliza mzee: "Baba, ndama anaondoka na mama yake au anabaki?"

Wale shemeji walikuwa wamejiandaa kubishania bei tu. Chotara wenye damu ya asili mara nyingi hawashushi maziwa bila ndama kuwapo. Ukimchukua mama ukamwacha ndama, unaweza kufika nyumbani na ng'ombe anayekauka wiki hiyohiyo. Mzee alicheka kwa furaha ya kukutana na mjuzi mwenzake. Walikaa, wakaelewana bei ya wote wawili. Swali lile lilitoka mkononi, na lisingeweza kutoka kwa mtu aliyekaa kivulini, hata angekuwa na akili kiasi gani.

Miradi ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe imeijenga hekima hii ndani ya utaratibu wake. Wazo lenyewe lilianza kwa Dan West, mkulima wa Marekani aliyegawa maziwa kwa waathirika wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania miaka ya 1930. Mitamba wa kwanza walipelekwa Puerto Rico mwaka 1944, na baadaye mpango ukaenea hadi kwetu. Watu wengi hukumbuka kanuni ya kulipa, yaani mtamba wa kwanza atakayezaliwa apewe familia nyingine. Mimi huvutiwa zaidi na yanayotangulia. Kabla ya kupewa ng'ombe, familia inafundishwa, inajenga banda, inapanda majani. Atakayemhudumia anaanza kazi kabla ya mnyama kufika, na wapo wanaogundua kwa wakati kwamba hawaiwezi. Natamani kila anayenunua kwa fedha zake mwenyewe ajiwekee sharti hilohilo, bila kusubiri mradi.

Kuna ambayo mikono haiyafikii. Ng'ombe anaweza kuwa na brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, akiwa mnene, mtulivu na mwenye maziwa, na akamwambukiza mtu kupitia maziwa mabichi au kondo. Huo unataka damu ipimwe maabara. Kifua kikuu cha ng'ombe hupimwa kwa sindano ya ngozi, na majibu husomwa baada ya saa 72. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa zaidi ya mara tisa kati ya kumi, na hilo jirani atakwambia kuliko daktari, kwa kuwa alikuja kuwaona mapacha. Anayekaa kwa muuzaji siku mbili tatu anapata muda wa haya yote: sampuli kwenda maabara, na mazungumzo ya jioni na watu wa jirani.

Wengine watasema siku tatu ni nyingi, mnunuzi mwingine atapita mbele. Huenda atapita. Lipia basi siku hizo: mpe muuzaji bei ya maziwa yake, lete sukari na mchele, acha kishika uchumba kidogo kinachorudishwa msipoelewana. Ukilinganisha na bei ya ng'ombe, ni fedha ndogo. Muuzaji anayekataa kabisa usiguse ndoo ameshakujibu, na unaweza kumshukuru na kurudi nyumbani. Anayejua kwamba ng'ombe wake ni mzima atakuonyesha ndoo ilipo, atavuta kigoda akae pembeni, na atakutazama kwa makini kuliko unavyomtazama mnyama, maana naye ana la kujua: ng'ombe aliyemlea tangu akiwa ndama anakwenda kwa nani. Namfahamu mzee wa Kibosho aliyerudisha fedha zilizokwisha kuhesabiwa mezani, kwa sababu hakupenda jinsi mnunuzi alivyozivuta zile chuchu.